Ndugu wa Maji ya Ubatizo

Bibi alitupanga kwenye mdomo wa korongo kama anavyopanga mbuzi wanaotoka zizini. Yeye mbele na fimbo yake. Mimi nyuma yake, pale anapoweza kunisikia nikipumua. Kisha baba yangu Hilarión na gunia la mahindi, kisha baba mdogo Rufino na ngoma yake, kisha Mama Petrona. Evaristo, mtoto wa Mama Petrona, aliwekwa mkiani kabisa pamoja na punda aliyebeba divai.

"Mbona Evaristo umemtupa nyuma, Mama?" baba mdogo alimuuliza Bibi, na sababu alikuwa anaijua fika. "Kijana ana miguu. Angetangulia mbele atuondolee miiba njiani."

"Punda hataki mtu mwingine."

"Punda huyu? Huyu hata mimi ananipenda."

"Basi rudi nyuma ukakae naye, mpendane."

Baba mdogo alicheka, akanikonyeza. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeamka na neno moja kifuani na nilikuwa nalilinda lisimwagike kabla ya wakati wake.

Kila mwaka, mwezi wa Februari, juma linalotangulia Kanivali, ukoo wetu hupanda korongo la Huaira hadi zizi la juu kuwatia alama wanakondoo. Gari halifiki huko, na hata lingefika, Bibi angeshuka akatembea, maana anasema kondoo hawamheshimu mtu aliyekuja amekaa. Kwangu mimi siku ile ndiyo mwaka wenyewe. Krismasi nichukulieni, siku yangu ya kuzaliwa nichukulieni, lakini siku ya zizi niachieni.

Sasa nilikuwa nataka vitu viwili, na Bibi alishaniambia mbele ya moto wa jikoni kwamba havikai kwenye kapu moja. Namtaka Evaristo. Na nataka nafasi yangu zizini kwa Bibi.

Kosa letu ni hili. Mama Petrona ndiye aliyenishika mikononi siku nilipobatizwa. Kwetu, mwanamke aliyekushika juu ya maji ni mama yako, na watoto wake ni ndugu zako. Ndugu wa maji hawaoani. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa habari za mwanamke wa bonde la pili aliyeolewa na ndugu yake wa maji akageuka nyumbu, yule mnyama wa punda na farasi, akawa anakimbia milimani huku anaburuta minyororo na kulia kwa sauti ya mtu. Utotoni niliwahi kumsikia. Baba mdogo anasema ulikuwa upepo kwenye mabati, lakini hata yeye siku ile alifunga mlango kwa komeo.

Evaristo hakukulia kwetu. Baba yake alimchukua akaenda naye mjini angali mdogo, na nilipomwona kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima alikuwa amerudi kutengeneza mlango wa kanisa kwa mbao za madungusi yaliyokufa, ile miti ya miiba ya korongoni, zile mbao zenye matundu. Nilikuwa napita na mikate ya kuuza. Nilimkuta amepiga magoti, ana misumari mdomoni, ananitazama na anashindwa kunisalimia. Sikuona ndugu pale. Naapa sikuona ndugu.

Tulianza kupanda. Mto ulikuwa umebakia mstari mwembamba wa maji katikati ya mawe, na madungusi yalisimama pande zote mbili za korongo, marefu kupita nyumba, yamebeba matunda. Korongo lile lina kona nyingi. Kila tulipokata kona nilipata nafasi ya kumwona aliyeko mkiani, na kila nilipogeuka nilikuta ameshaniangalia yeye kwanza. Kofia ameisukuma kisogoni. Mkono mmoja kwenye shingo ya punda. Nikirudisha uso mbele, moyo unanipiga kama nimebebeshwa lile gunia la Baba.

"Shingo inakuuma, Nieves?" Bibi aliuliza bila kugeuka.

"Hapana, Bibi."

"Naisikia inavyozunguka."

Tulipofika kwenye rundo la mawe la wasafiri, kila mtu aliokota jiwe akaliweka juu ya mengine. Bibi akatoa majani ya koka kwenye mfuko wake, akafumba macho, akaanza kuomba. Maombi ya Bibi ni marefu. Anawataja kondoo waliokufa kabla baba yangu hajazaliwa. Evaristo anayajua hayo, kwa hiyo akamsogeza punda hadi karibu nami, akajifanya anakaza kamba.

"Ulilala?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Nililala vizuri."

"Muongo. Macho yamekuvimba."

"Na yako je? Umeyaona yako leo?"

Alitabasamu, kisha tabasamu likamwishia. "Basi la kusini linaondoka Jumatatu, Nieves. Tiketi ya pili ninayo mfukoni. Kule kwenye visima vya mafuta hakuna anayejua nani alimshika nani juu ya maji. Tutapanga chumba. Watu wa kule wanakula mikate kuliko huku."

"Na Februari ijayo?"

"Februari ijayo kuna nini?"

"Nitakuwa wapi Bibi anapopanda hapa?"

Alikaza kamba ambayo ilikuwa imekazwa tayari. Punda akamgeukia kwa kuudhika.

"Sikiliza," nilimwambia. "Sitaki kukupata kama mtu aliyeiba kuku, halafu niishi nikiangalia dirishani. Nitauliza leo, zizini, ardhi ikiwa wazi."

"Atakukatalia."

"Akatae akiwa ananitazama usoni."

"Na akishakataa?"

Hilo swali nilikuwa nimejiuliza wiki nzima nikikanda unga. "Nitapanda hilo basi nikilia. Lakini nitalipanda mchana, watu wote wakiniona, na mizigo yangu nimeibeba mwenyewe."

Aliniangalia kwa namna ambayo kama Bibi angefumbua macho wakati ule, safari yetu ingeishia pale kwenye rundo la mawe.

"Nakupenda hadi naogopa," alisema.

"Ogopa tu. Lakini usinitoroshe."

"Amina," alisema Bibi kwa sauti kubwa, na punda akarudi mkiani.

Juu ya pale njia inakuwa nyembamba, upande huu jabali, upande ule mipungate mifupi yenye miiba imetambaa chini na matunda yake ya zambarau. Baba mdogo aliangua matunda ya dungusi kwa kijiti kirefu, akatugawia, akaimba ubeti wa Kanivali kuhusu mchumba aliyefichwa ndani ya pipa la unga. Baba yangu akamwambia aache. Akaimba ubeti wa pili. Nami, mtu mzima mwenye akili zangu, niligeuka kwenye kona nimwone Evaristo kama anacheka, mguu ukateleza, nikaenda chini na kiganja changu cha kulia kikatua katikati ya mipungate.

"Hayo ndiyo matokeo ya kutembea uso nyuma," alisema baba mdogo, lakini alikuwa wa kwanza kunishika bega.

Miiba ilikuwa imejaa kiganja chote. Bibi alinikalisha juu ya jiwe, akajaribu kuuchomoa mmoja kwa kucha. Ukakatikia ndani. Nikauma shali yangu. Baba akasogea, lakini macho ya Baba yanaona mbali tu siku hizi. Mama Petrona alipapasa mifukoni akakumbuka miwani ameiacha kwenye sufuria ya mahindi. Baba mdogo alionyesha mikono yake ikitetemeka, akasema si pombe, ni huruma. Mwenye koleo dogo mfukoni alikuwa mmoja tu, na wote tulijua ni nani.

Bibi alitazama juu, kama vile anatafuta fundi mwingine kati ya madungusi.

"Evaristo," aliita mwishowe. "Njoo. Mikono ifanye kazi, macho yatazame mwiba."

Alikuja akapiga magoti mbele yangu. Akakilaza kiganja changu juu ya goti lake, akaanza kuchomoa, mmoja mmoja, polepole, na Bibi amesimama juu yetu na fimbo yake. Vidole vyake vilinuka vumbi la mbao na sabuni ya kufulia. Mara nyingi nilikuwa nimekiota kile kiganja kikishika changu, lakini sikuwahi kuota familia nzima imetuzunguka, na baba mdogo anakula tunda.

"Huu unauma?"

"Hapana."

"Na huu?"

"Hapana."

"Huu je?"

"Huo unauma."

Akaacha. Akasubiri mpaka niliposhusha pumzi. Kisha akautoa kwa mara moja, akainama, akapuliza kiganja changu kama mama anavyompulizia mtoto. Pumzi ile niliisikia hadi kwenye nyayo.

"Inatosha," alisema Bibi. "Miiba imekwisha zamani."

Ni kweli ilikuwa imekwisha. Nami sikuutoa mkono.

"Nieves. Chukua mkono wako."

"Uko salama hapo ulipo, Bibi."

Evaristo alitaka kuniachia, nikamkaza vidole, ingawa kiganja kiliwaka moto.

"Huyo ni ndugu yako," Bibi alisema taratibu.

"Ni ndugu yangu kwa maji aliyoyamwaga padri mwenye haraka ya kwenda kula."

"Usimtukane Mungu korongoni, mtoto wewe."

"Simtukani. Nasema ninachojua. Huyu hakula chungu kimoja na mimi, hakulala nyumba moja na mimi. Nimempata nikiwa mkubwa. Unaogopa watu watasema nini?"

"Watu?" Bibi aligonga fimbo chini. "Watu nimewasikia tangu sijaota meno, hawana jipya. Nakuogopea wewe. Mama yako aliniachia wewe ukiwa unaingia kwenye kikapu cha mikate. Aliniambia, Mama Gregoria, nitunzie. Nikimfuata huko alikokwenda nitamwambia nini? Kwamba nilikutazama unageuka nyumbu, nikaishia kucheza ngoma?"

Sauti ilimkatika kwenye neno la mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Hasira ya Bibi naijua, ningekula nayo sahani moja. Lakini machozi yake sikuyawekea silaha yoyote. Nikautoa mkono, nikaufunga kwa ncha ya shali, tukaendelea kupanda.

Njia ilipopanuka, Mama Petrona alinikuta pembeni, akanishika kwapani kama anavyofanya tangu nikiwa mtoto. Ndiye aliyenifundisha kusuka nywele. Gauni langu la komunyo alilishona yeye, akalikosea mkono mmoja, nikalivaa hivyo hivyo kwa fahari.

"Nionyeshe hicho kiganja." Alikitazama kwa mbali, akakunja uso, maana hakuona kitu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Siku ile walibatizwa watoto wengi, Nieves. Unajua padri hupanda kwetu mara moja tu kwa mwaka. Wote mlikuwa mmefungwa shali nyeupe, wote mnalia. Ni rahisi mtu kuchanganya."

"Unasema nini, Mama Petrona?"

"Nasema naweza kumwambia komadre wangu, bibi yako, kwamba mimi nilimshika mtoto mwingine. Wewe ukashikwa na marehemu Tomasa. Tomasa hakuwa na mtoto wa kiume, Mungu amrehemu, na hawezi kubisha."

Nilisimama. "Ni kweli hayo?"

"Naweza kuyasema."

"Sikukuuliza hivyo."

Alitazama chini korongoni, alikokuwa mwanawe anamvuta punda kwenye kijito. "Nilikushika wewe," alisema. "Ulinikojolea blauzi mpya. Lakini yule kijana anaondoka Jumatatu. Nilimkosa alipokuwa mdogo, na sasa nitamkosa akiwa na moyo uliovunjika? Kwa neno moja tu, Nieves. Bibi yako atalipokea. Analitafuta neno kama hilo, namjua. Anatafuta mlango wa kutokea."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia, na hilo lilinisumbua hadi tulipofika juu. Nilitembea nikilitazama lile neno kutoka kila upande. Lilikuwa jepesi, halina miiba, na lingenipa kila nilichokitaka kabla ya chakula cha mchana.

Zizi letu limejengwa kwa mawe, na katikati yake kuna jiwe bapa lisilosogezwa isipokuwa siku ile. Kondoo walikuwa tayari ndani, wanasukumana. Baba na baba mdogo waliinua jiwe, na chini yake likaonekana shimo, ndio mdomo wa ardhi. Tulipiga magoti wote kulizunguka. Kila mtu alimpa Mama Ardhi alichokuja nacho: koka, mahindi, divai, kipande cha jibini. Na sheria ya zizi letu ni moja. Jiwe likiwa limeondolewa, hakuna anayesema uongo. Baba mdogo mwenyewe, ambaye huongopa hata ukimuuliza kama mvua imenyesha, hukaa kimya mpaka jiwe lirudi mahali pake.

Bibi alimimina divai ya mwisho, akafuta mikono kwenye sketi yake.

"Nani ana neno?"

Nilifungua kinywa. Mama Petrona aliniwahi.

"Mimi ninalo, komadre."

"Lete."

"Ni kuhusu siku ya ubatizo. Watoto walikuwa wengi, unakumbuka. Shali zilikuwa nyeupe zote." Alilamba midomo. Macho yake yalikuwa yamekwama ndani ya shimo. "Sasa mimi, komadre, nimekuwa nikifikiri, miaka yote hii."

Nilimtazama Bibi. Uso wake ulikuwa umefunguka. Alikuwa ameinama mbele, mkono mmoja kifuani, anasubiri kama mtu mwenye kiu anayesikia maji yanatekwa. Mama Petrona alikuwa amesema kweli, Bibi alilitaka lile neno. Angelipokea, angelikumbatia, tungekula mahindi tukicheka. Kisha nikaiona mikono ya Mama Petrona. Punje za mahindi zilikuwa zinamdondoka bila mwenyewe kujua. Naye alikuwa anaiamini sheria ile ya jiwe. Alikuwa anajitia kwenye lile shimo kwa ajili yangu na mwanawe, na angeishi na hofu hiyo kila siku ya Mungu.

Nikapiga moyo konde.

"Mama Petrona, nyamaza," nilisema. "Usiniulie roho yako."

"Nieves, niache nimalize."

"Hapana. Bibi, alinishika mimi. Nilimkojolea blauzi. Yeye ni mama yangu wa maji na Evaristo ni ndugu yangu wa maji, na nimempenda hivyo hivyo. Sikumpenda kwa kutojua. Nilijua na nikampenda. Naomba uniruhusu niolewe naye na nibaki na nafasi yangu hapa zizini. Ukisema nichague kimoja, nitakwenda naye Jumatatu, na kila Februari nitaumia. Lakini sitaingia humu kwa uongo, na sitatoka humu kwa kujificha. Ndilo neno langu."

Kondoo mmoja alilia. Mama Petrona alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili, na sijui kama ni kwa aibu au kwa nafuu.

Bibi alinigeukia. "Ningemwamini," alisema.

"Najua, Bibi."

"Nilitaka kumwamini. Ungepata kila kitu. Kwa nini umemkatiza?"

"Kwa sababu ardhi iko wazi."

Aligeukia upande wa pili wa shimo. "Na wewe, fundi milango? Una neno, au unasemewa na wanawake?"

Evaristo alivua kofia. "Nilitaka kumtorosha, Bibi. Tiketi ninazo mfukoni. Yeye ndiye aliyekataa. Ndilo neno langu, na si zuri."

Baba mdogo alikohoa. Baba yangu, ambaye tangu mama afariki huongea kama mtu anayelipia kila neno, alisema, "Mama. Mtoto amesema ukweli mahali pa ukweli."

"Nimesikia, Hilarión. Sina pamba masikioni."

Bibi alijiinua kwa fimbo, magoti yakamlia. Alidhani hatumwoni akijipangusa jicho kwa ncha ya shali. Alizunguka zizi, akawapapasa kondoo migongoni, akawa ananung'unika peke yake. Nilisikia akitaja jina la mama yangu. Nilisikia akisema nyumbu. Jua lilikuwa limefika juu kabisa na madungusi yaliyoko ukingoni hayakuwa na kivuli, na mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, kiganja kinapwita, nimeshasema kila nilichokuwa nacho.

"Kazi imelala," Bibi alisema ghafla. "Tumekuja kutia alama au kutazamana? Kwanza arusi."

Kila mwaka, kabla ya kutia alama, tunawaozesha wanakondoo wawili ili kundi lizae. Wanakalishwa pamoja, wanafungwa maua ya sufu masikioni, wanasemewa maneno ya ndoa, wananyweshwa divai kidogo. Wanaowashika ni Baba na baba mdogo, tangu nipate akili. Baba mdogo alikuwa ameshakunja mikono ya shati.

"Wewe kaa," Bibi alimwambia. "Nieves, mshike yule jike mweupe. Evaristo, yule dume mwenye doa. Kaeni pale chini, muwapakate."

Tulikaa tumeacha nafasi katikati.

"Karibu zaidi. Hao kondoo wanaoana, hawajagombana."

Tulisogea. Bega lake likagusa langu. Nilikuwa naogopa hata kupumua. Bibi alipiga goti mbele yetu, akamfunga jike ua jekundu, akamfunga dume ua la kijani, kisha akachota unga wa mahindi akaurusha juu ya vichwa vyao. Mwingi uliangukia kwenye nywele zangu na kwenye mabega ya Evaristo, na Bibi ana shabaha nzuri, hajawahi kukosea.

"Msiachane wakati wa ukame," alianza. Hakuwa anawatazama kondoo. "Mkigombana malishoni, mrudi zizini kabla ya giza. Mmoja akiumia, mwenzake asitangulie. Na kama kuna nyumbu atakayekuja kudai chochote kwenu, ataanza na mimi mlangoni, na nina fimbo."

Machozi yalinitoka, nikashindwa kuyafuta kwa sababu mikono yote ilikuwa imemshika kondoo. Evaristo alikuwa ameinamisha kichwa hadi kidevu kikagusa sufu.

"Mama," baba mdogo aliuliza kwa uangalifu sana. "Hapa unawaozesha kondoo, au?"

"Rufino, jiwe bado halijarudi. Usiniulize."

Mama Petrona alianza kulia kwa sauti, na Bibi akamwambia anyamaze, atatisha mifugo, huku amemshika mkono hamwachii.

"Jumatatu utakwenda kazini kwako," alimwambia Evaristo. "Ukienda na mtu au bila mtu, hilo ni lenu. Lakini basi linalokwenda kusini si linarudi pia?"

"Linarudi, Bibi."

"Basi mwakani nataka watu wa kuwashika hawa. Hilarión mgongo unamuuma."

Baba alisema kweli unamuuma sana, na akaupapasa, ingawa muda ule alikuwa amebeba gunia.

Bibi alijaza kikombe divai. Kila mwaka hukipeleka kwanza kwenye mdomo wa jike, kisha kwenye mdomo wa dume. Mara hii kilipita juu ya kichwa cha jike mweupe kikaja hadi midomoni mwangu. Nikanywa. Akakisogeza kwa Evaristo, naye akanywa mpaka chini, na kondoo wale wawili siku hiyo hawakuonja hata tone.